Jina Lililokuwa Kwenye Mita Yetu

Walikale, Jumapili, mwezi wa kumi. Mvua imekatika sasa hivi.

Sifa mwanangu,

Leo ni miaka kumi na minane na miezi miwili tangu nitoke Masisi. Ulikuwa mgongoni mwa mama yako, umefungwa kwa kitenge cha kijani, na kutoka kilimani kwetu mpaka Kashebere hukulia hata mara moja. Mama yako aliogopa ukimya wako kuliko milio ya bunduki tuliyoiacha nyuma. Nimezoea kuihesabu miaka hiyo kila mwisho wa mwezi. Safari hii nimeihesabu mapema, kwa sababu kesho asubuhi unapanda lori la Kisangani, na kuanzia kesho nitakuwa na hesabu mbili.

Umekwenda kumuaga mke wa mchungaji. Nina saa mbili, pengine tatu, maana yule mama hamruhusu mtu kuondoka bila kula. Nitaiweka barua hii ndani ya Biblia yako, na najua hutaifungua mpaka ufike, kwa sababu safarini unapenda kuangalia njia.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji, wala chandarua, wala jinsi ya kukaa juu ya magunia bila kuumia kiuno. Umeambiwa hayo wiki nzima na watu wanaojua kuliko mimi. Nataka kukueleza habari ya mita ya umeme iliyo nyuma ya mlango wetu, na jina lililokuwa ndani yake. Unadhani unaijua habari hiyo. Unajua nusu yake, na nusu uliyonayo nimeichafua kwa uongo mdogo niliokuambia mwaka jana. Picha ya chumba ulichopangishiwa Kisangani inaonyesha mita ukutani, juu ya kitanda. Nilipoiona picha hiyo nikajua siwezi kukuacha uende bila kukueleza.

Tulipohamia nyumba hii ulikuwa na miaka kumi na minne, na mama yako alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Kati ya nyumba zote tulizopanga hapa Walikale, hii ilikuwa ya kwanza yenye umeme, tangu wale wa kampuni ya umeme walipofunga mashine yao mtoni na kupitisha nyaya kwenye kartie yetu, mtaa huu. Papa Anselme, mwenye nyumba, alipokea garanti, amana ya kodi ya miezi mitatu, akanipa ufunguo, akaonyesha ukuta kwa kidevu na kusema mita iko. Hakusema zaidi. Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwenye kibanda cha kuuza umeme na namba ya mita niliyoinakili kwenye karatasi, nikalipa, nikapewa tarakimu za kubonyeza. Wewe ndiwe uliyeisoma ile karatasi ya malipo mpaka chini.

"Papa," ukaniambia, "hapa wanasema wewe ni Gervais."

Tangu siku hiyo, kila nikirudi kibandani, uliniita Papa Gervais, na ukiomba kitu kigumu ulisema utakwenda kumwomba Gervais kwa sababu yeye ana roho nzuri kuliko mimi mwalimu. Nilicheka. Sikukuambia kwamba nilikuwa nimekwisha kumuuliza Papa Anselme ni la nani.

Gervais alipanga hapa kabla yetu. Alikuwa mtu wa Masisi kama sisi, lakini wa upande ule wa juu, juu ya Rubaya, wa familia za wafugaji. Alinunua jibini kwao, akazileta hapa zimefungwa kwa majani ya mgomba, akauza kwa watu wa ofisi na kwa madereva wanaokwenda Kisangani. Siku moja alikwenda Kashebere kupokea mzigo, na hakurudi. Papa Anselme alingoja miezi minne, kisha akatia vitu vyake kwenye kasha la mbao na kutupangisha sisi. Umeme aliuacha kama ulivyokuwa. Nilipomwambia kwamba hesabu ya mita, yaani akaunti yake kwenye kampuni, inapaswa kuwa kwa jina la anayeishi ndani, alinitazama kwa huruma kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mwalimu, courant haiulizaka jina. Inawaka ao haiwake?"

"Inawaka."

"Basi."

Nikaacha. Miaka mitano nilinunua umeme kwa jina la mtu aliyepotea. Ulisoma chini ya taa hiyo mpaka ukafaulu mtihani wa serikali, na nilipokwenda kuangalia matokeo yaliyobandikwa, nilijikuta nikimshukuru Gervais kimoyomoyo pamoja na walimu wako.

Mwaka jana ndipo nilipohitaji karatasi. Unakumbuka, shefu wa kartie alitaka ushahidi kwamba tunaishi hapa, ili atie sahihi faili lako la masomo. Nilipekua sanduku lote. Karatasi zangu za ualimu ziliungua Masisi, na karte yangu ya uchaguzi inataja jina tu, si nyumba. Mkataba wa nyumba na Papa Anselme haukuandikwa popote, tulipeana mikono tu. Kitu pekee chenye namba ya nyumba hii kilikuwa karatasi ya umeme, nayo ilisema anayelala humu ni Gervais. Shefu alinihurumia, akatia sahihi. Lakini mimi nilitoka pale nimekasirika kuliko ilivyostahili. Miaka kumi na saba sikuwa nimeandikwa kwenye nyumba yoyote. Nilitaka kitu kimoja tu kiseme jina langu na mahali ninapolala. Nilikasirika kwa sababu ya heshima yangu, Sifa, na hasira ya namna hiyo ni mbaya kwa mtu mzima, kwa kuwa anaiita haki.

Nikaenda biro ya umeme, ofisi ya ile kampuni, nikiwa nimevaa koti. Dada aliyekuwa mezani alinipokea vizuri, akaiangalia karte yangu ya uchaguzi, akaandika. Kisha akasema kabla ya kubadilisha jina lazima ampigie mwenye hesabu, wasije wakamnyang'anya mtu mita yake. Nikamwambia mwenye hesabu hayupo tena. Akasema namba ya simu ipo, na inafanya kazi.

"Kila mukinunua, mesaji inaenda kwa hiyo namba," alisema. "Hamukujua?"

Sikujua. Mimi nilikuwa na karatasi yangu ya kibandani, sikuwahi kufikiri kwamba kuna nakala inayosafiri kwenda mahali pengine. Dada akapiga, akaiweka simu mezani kati yetu, sauti wazi. Mwanamke akaitika. Nyuma yake kulikuwa na watoto, na mtu aliyekuwa akipiga misumari kwenye bati. Dada akamwambia ni biro ya umeme ya Walikale, ni juu ya mita ya nyumba ya Gervais.

Misumari ikaendelea. Dada akaitazama simu kuona kama imekatika. Kisha yule mama akauliza kwa sauti ndogo:

"Yuko muzima?"

Nilimpungia dada mkono akate. Alisema watapiga tena, akakata. Akaniuliza aandike jina langu au aache. Nikamwambia aache.

Ulipouliza jioni, nilikuambia mtandao wao ulikuwa umeanguka. Huo ndio uongo wangu. Nisamehe. Sikuweza kukuambia nilichokuwa nimekielewa pale mezani, au nilichodhani nimekielewa: kwamba yule ni mke wa Gervais, kwamba mumewe aliiandikisha mita kwa namba yake, kwamba kila Jumamosi saa tano, nikiwa kibandani na kikapu changu, simu yake huko aliko iliita kumwambia nyumba ya mumewe imepata umeme. Zaidi ya mara mia mbili. Mume wake haongei, haandiki, lakini taa yake inawaka. Mimi, kwa kununua umeme nipate kusoma gazeti la mwezi uliopita, nilikuwa nimemfufua mtu.

Siku zile nilitembea kama mtu aliyeambiwa kwamba kivuli chake kinaonekana katika nchi nyingine. Nilikumbuka mwaka ule niliolala na malaria wiki tatu, ukasoma kwa kibatari, hatukununua hata siku moja. Nikawaza, kumbe yeye huko alizika. Kisha nikapona, nikaenda kibandani, nikampa tena mume. Nani alinipa uwezo huo? Niliogopa mikono yangu mwenyewe.

Ndiyo sababu tangu wakati ule sikukosa Jumamosi hata moja. Uliniona nikinunua umeme kabla ya chumvi, ukaninunia. Ulisema hata biskuti za ukumbusho wa mama yako zimeshindwa na mita. Ulikuwa na haki ya kununa. Nilifikiri ninafanya wema.

Sasa nikueleze kosa langu la zamani, ili uelewe kwa nini wema huo ulianza kunichoma.

Bibi yako, mama yangu, alikataa kukimbia. Alisema ng'ombe wa jirani na maharagwe yake yeye hawezi kuviacha kwa sababu ya kelele. Tukamwacha. Tulipofika hapa, kila juma walipita watu kutoka Masisi kwa miguu, wamebeba mizigo, na kila juma walirudi. Ningeweza kumwambia yeyote kati yao: ukipita kilimani kwetu, mwambie mama tuko wazima. Maneno manne. Sikuyatuma. Nilikuwa nalala katika banda la shule, nafundisha bila mshahara, mama yako anauza makaa, nikasema nitatuma habari nikiwa na habari nzuri. Nikangoja nyumba. Nikangoja kazi. Mwaka wa nne alipita mchukuzi mmoja akaniambia bibi yako amefariki, na kwamba kila mtu aliyepita na mzigo alimzuia njiani na kumuuliza swali lilelile: "Ulipitia Walikale? Uliona mwalimu wangu?" Walimzoea, wakawa wanapita njia ya chini ili asiwacheleweshe.

Huyo ndiye baba yako. Mtu aliyengoja habari njema mpaka wa kuzipokea akaisha. Na sasa nilikuwa nikimpelekea mwanamke mwingine habari njema isiyo ya kweli, kila Jumamosi, bila kukosa. Nililiona hilo wazi, na bado nikaendelea miezi kumi. Namba yake nilikuwa nimeinakili pale biro, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu. Nililifungua mara nyingi, nikalifunga.

Kampuni ndiyo iliyonitoa hapo. Mwezi uliopita walibandika tangazo: kila mita iwe na jina la mtu anayeishi ndani ya nyumba kabla ya mwisho wa mwezi huu, na isiyo na mwenyewe itakatwa. Papa Anselme alikuja na jasho, akaniomba radhi kwa yale maneno yake ya zamani kama vile aliyasema jana. Nikaona hakuna njia ya pembeni. Nikiandika jina langu, ujumbe unakoma. Nikinyamaza, umeme unakatwa, na ujumbe unakoma. Kwa vyovyote taa ya Gervais ingezimika katika simu ya mkewe. Kilichobaki ni kama ataambiwa na mtu au na ukimya, na mimi nilijua kutoka kwa mama yangu ukimya unafanya nini.

Nikapiga. Nilisema mimi ni mpangaji wa ile nyumba ya Walikale, nina jambo la kumwambia. Hakuniruhusu nimalize.

"Apana kwa simu, papa. Unaweza kufika Kashebere?"

Ile safari niliyokuambia ni matanga ya mwalimu mwenzangu, ilikuwa hiyo. Nilimwambia Papa Anselme ukweli, na yeye akaingia chumbani kwake akatoka na kasha la mbao la Gervais. Miaka sita alikuwa amelala nalo chini ya kitanda. Hakuuza hata kijiko. Alinilipia nusu ya nauli ya pikipiki, akasema mke wake mwenyewe asijue.

Kashebere unaijua kwa jina tu. Ni kijiji chenye soko kando ya barabara, hapo Walikale inapokwisha na Masisi inapoanza. Nilishuka kwenye pikipiki, na nilipoinua kichwa niliiona milima. Miaka kumi na minane sikuwa nimeiona. Haikuwa milima yetu hasa, yetu iko nyuma zaidi, lakini rangi ilikuwa ileile, ule ujani unaokaribia buluu baada ya mvua. Nilisimama katikati ya barabara hata mtu wa ndizi akanipigia mluzi niondoke.

Alikuwa ananingoja kwenye benchi la mama mmoja auzaye chai. Jina lake Mama Devota, Devota ni binti yao mkubwa. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viatu vya plastiki vilivyooshwa. Pembeni yake palikuwa na kapu la jibini, kwa sababu hakuona sababu ya kuja sokoni mikono mitupu. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaliona kasha, akalijua, akaliwekea mkono juu bila kulifungua. Aliniambia nikae, akaniagizia chai.

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno njia nzima. Nikayasema vibaya. Nilisema, mama, mimi ndiye ninayenunua ule umeme, tangu mwanzo ni mimi, mume wako sijawahi kumwona. Nilisema nimekudanganya bila kujua, na mwaka huu wa mwisho nikijua. Nilikuwa natazama kikombe.

Hakulia. Alingoja nimalize, kama tunavyomngojea mtoto amalize kusoma sentensi ndefu.

"Nilijua, mwalimu," alisema. "Tangu mesaji ya kwanza. Bwana yangu alikuwa Muadventista. Siku ya Sabato hakununuaka hata chumvi. Ile mesaji ilikuja siku ya Sabato, saa tano. Nikajua iko muntu mwingine."

Sifa, nimesoma vitabu vingi, na kwa miaka niliwafundisha watoto wa watu kuvisoma. Hakuna ukurasa ulionifanya yale niliyofanywa na benchi lile. Jumamosi! Siku niliyoichagua kwa sababu tu chumvi na sabuni huwa rahisi siku ya soko.

Nilimuuliza kwa nini basi hakuifuta ile namba, kwa nini hakupiga hata siku moja. Akasema mwanzoni alikuwa kambini, na alipopata ujumbe ule alijua mambo mawili: kwamba nyumba aliyolala mumewe haijachomwa, na kwamba aliye ndani yake ana uhai. Akaona hayo yanamtosha kushika. Watoto aliwaambia ni papa yao amewasha taa. Wadogo waliamini. Devota alijua, na alificha kwamba anajua, na mama akaficha kwamba anaona anaficha. Kumuuliza mtu wa Walikale aliogopa, kwa sababu huenda ningesema neno lingine juu ya Gervais, neno la mwisho.

Kisha akaniuliza yeye.

"Kuko wakati ulinyamaza. Wiki tatu. Ulikuwa na nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema malaria.

"Nilifunga chakula juu yako. Sikujua jina yako, njo maana niliomba na namba ya mita."

Akaitamka. Tarakimu zote, moja baada ya nyingine, bila kukosea, macho yakiangalia milima. Mimi mwenyewe, baada ya miaka sita, bado naisoma kwenye karatasi kila nikienda kibandani. Mama wa chai alisimama na birika mkononi akisikiliza, akidhani tunasali, na labda hakukosea.

Ndipo nilipoelewa lile swali la kwenye simu. Aliposema "yuko muzima", mume wake hakuwa mawazoni mwake. Aliniuliza mimi. Na mimi nikapunga mkono akatwe.

Nilikuambia nilitoka kwa shefu nimekasirika kwa sababu sijaandikwa popote. Kumbe nilikuwa nimeandikwa. Juu ya mlima nilioukimbia, ndani ya hema, mwanamke wa watu ambao wazee wetu na wao walikuwa wakigombania malisho na mashamba alikuwa akinihesabu kila juma, na nilipokosekana alikaa na njaa. Bado sijui niweke wapi jambo hili. Nimeliweka hapa, kwenye barua yako.

Alifungua kasha baadaye. Mizani ya jibini, sweta, kitabu cha masomo ya Sabato chenye majina ya watoto yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Aliipima mizani kwa kidole kuona kama bado inashuka sawa. Kisha akasema niandike jina langu, na namba yake niitoe. Alisema Gervais harudi, amejua hivyo muda mrefu, na watoto wamekua, wanatakiwa kuambiwa na mdomo wa mama yao. Aliomba kitu kimoja: ninunue mara moja tena kabla ya kwenda biro, apate ujumbe mmoja akijua ni wa nani.

"Na uko na muntu mbali, mwalimu?"

Nikasema sina, ila mwezi huu binti yangu anakwenda Kisangani.

"Basi uko naye," alisema, akaanza kunifungia jibini.

Ile tuliyokula Jumatatu ile, ukasema watu wa matanga siku hizi wanapeana zawadi nzuri, ndiyo hiyo.

Kabla hatujaachana alinionyesha pikipiki zilizokuwa zinapakia kuelekea Masisi. Alisema njia imetulia kidogo, kwetu naweza kufika kabla ya giza. Anapajua kilimani kwetu, hupita chini yake. Shamba linalimwa na watu wengine, na maharagwe yalitoka mazuri mwaka huu. Alisema hivyo kwa upole, kunipa habari tu. Nilizitazama zile pikipiki mpaka zilipoondoka. Kisha nikapanda ya kwangu, ya huku.

Jumamosi iliyofuata nilinunua, saa tano kamili. Hakujibu, na sikutegemea ajibu. Ijumaa hii nilikwenda biro. Dada yuleyule. Aliandika jina langu, herufi zote, akageuza mashine yake nilisome. Akauliza namba ya simu. Nilimpa yako.

Jana uliona sikwenda kibandani, ukauliza kama hatimaye nimechoka na umeme. Nilikuwa nangoja uondoke kwanza. Uliopo unafika mpaka Jumamosi ijayo, nikizima mapema. Siku hiyo, saa tano, popote utakapokuwa, darasani au jikoni kwa wenye nyumba wako, simu yako itaita mara moja na kukuambia kwamba hesabu fulani imepata umeme. Ni mimi. Huhitaji kunipigia. Zikipita Jumamosi mbili mfululizo bila kuita, piga.

Na wewe ukifika kwenye chumba chako, kabla hujanunua chochote, uliza mita ile iko kwa jina la nani na inazungumza na simu ya nani. Ukikuta ni la mtu aliyeondoka, usifute kwa haraka kama nilivyotaka mimi, wala usinyamaze mwaka mzima kama nilivyofanya. Piga ile namba. Sema wewe ni nani. Kisha ukiweka jina lako, weka namba yangu. Nataka na mimi niwe na siku yangu ya kungoja.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga tena watu uliokwisha kuwaaga. Nimalize.

Mama Devota alinipa salamu za milima, na mimi nimezipokea. Bibi yako amezikwa huko, na sasa hakuna anayewazuia wapita njia kuuliza juu yangu. Jina langu liko hapa, nyuma ya mlango huu, juu ya mita. Masisi sitarudi.

Baba yako